Mzee Elkana Mgonja, Mtani Wake, na Makombora ya Uturuki

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na marafiki mliofika kutoka hapa Houston, Dallas na nyumbani Tanzania, familia imenituma mimi Samson, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee habari za maisha ya baba yetu, Mzee Elkana Mgonja, na kuna sehemu moja ambayo aliagiza isomwe kama alivyoitamka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Usangi, Upare, akapata elimu ya msingi hapohapo, na mwaka 1956 akajiunga na sekondari ya Ilboru, Arusha, ambako alipewa kitanda cha chini, na cha juu akapewa kijana wa Machame aitwaye Elibariki Swai, ambaye leo ameketi mstari wa mbele. Kwa kuwa Wapare na Wachaga ni watani, tangu wiki ile ya kwanza Mzee Swai alimwita Baba bahili na mpenda kesi, Baba akamwita mpenda fedha, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukasirika.

Mwaka 1961 walitengana, Baba akaenda Moscow kusomea historia, mwenzake akaenda Florida kusomea ufamasia. Oktoba 1962, Urusi ilipoweka makombora ya nyuklia Cuba, na Marekani ikakizingira kisiwa hicho kwa meli za kivita, kila mmoja wao alikuwa kwa mkubwa wake kati ya hao wawili. Mzee Swai aliona treni za wanajeshi zikielekea kusini na maduka yakiishiwa vyakula vya makopo, Baba alikuwa bwenini akisikiliza redio ya mwanafunzi mwenzake wa huko, maana magazeti ya huko yalisema machache, na alituambia kwamba alichowaza wakati ule ni kuwa bomu likirushwa kutoka upande wake, litamwangukia Mchaga wake.

Alihitimu mwaka 1967, akafundisha historia Tabora, Same na Moshi hadi alipostaafu mwaka 1996. Alifundisha mgogoro ule akisisitiza jambo moja, kwamba Urusi iliondoa makombora yake Cuba hadharani, lakini Marekani nayo iliahidi kimyakimya kuondoa yake yaliyokuwa Uturuki, ikayaondoa miezi michache baadaye, na ahadi hiyo ikafichwa kwa miaka mingi, ndiyo maana dunia ilidhani ni upande mmoja tu uliorudi nyuma. Wanafunzi wake wa Tabora walimwita Mwalimu Uturuki, na baadhi yao wametuma salamu za rambirambi kwa jina hilo.

Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na mama yetu, Nakunda, katika kanisa la Kilutheri Usangi, wakajaliwa watoto watatu, Jessica, mimi na Isack, na wajukuu saba. Mwaka 2009 walikuja kwangu Mansfield, karibu na Dallas, na mwaka 2011 wakahamia kwa Jessica, Missouri City, pembeni ya Houston, kwa sababu ambayo Baba aliita hali ya hewa, ingawa sote tulijua kuwa Mzee Swai alikuwa amestaafu akiishi Sugar Land, mji wa jirani. Kila Jumamosi walikaa gereji kwa Mzee Swai, mmoja akisema, "Mpare, kubali tu, Mrusi alifyata mkia, una-surrender lini?" mwingine akijibu, "Na ya Uturuki yaliondoka kwa miguu yake?"

Mama alifariki Juni 2019, na siku ya mazishi, tarehe 15, Mzee Swai alifanya kazi ya mtani, akajifunga kanga ya Mama juu ya suti, akalala mbele ya jeneza, akasema, "Hapiti mtu! Huyu mama kaniahidi sahani ya makande, hajanipa, na mumewe ni Mpare, akitoka hapa anakwenda Same kufungua kesi dhidi ya kifo!" Tulicheka huku tunalia, kama inavyotakiwa. Lakini walinzi wa makaburi hawakujua utani ni nini, wakaona mzee amechanganyikiwa, wakamshika mikono kumtoa, naye akageuka kumtazama Baba na kusema, "Elkana, waambie," na Baba akatazama jeneza, hakusema neno, mpaka mwenzake akafikishwa getini.

Baada ya hapo hawakuzungumza kwa zaidi ya miaka mitano. Mzee Swai alisema ametolewa kama mlevi kwenye msiba wa shemeji yake, kwa hiyo aombwe radhi, Baba alisema mwenye msiba hampigii mtu simu, yeye ndiye hupigiwa, na wote wawili walikuwa na haki. Kwenye ibada ya Kiswahili mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto, na kila Jumamosi mchana Baba alivaa viatu vya kutokea, akakaa navyo sebuleni, jioni akavivua.

Aprili 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu, na ilipofika Novemba madaktari walituambia tujiandae. Jessica akaanza safari za Sugar Land, akipeleka neno na kurudi na neno, hadi siku moja alipomwambia, "Baba, mnagombania muda ambao hamna." Baba alicheka, akasema, "Mwambie aje yeye kwanza, mbele ya watu, na mimi yangu ya Uturuki nitayaondoa taratibu, ila asimwambie mtu."

Jumapili tarehe 1 Desemba, nyumba ikiwa na wageni, Mzee Swai aliingia na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi ya kwao, akasimama katikati ya sebule, akasema, "Mpare, nimekuja, nimefyata mkia." Watu walipiga makofi, na kwa wiki nzima kanisani walimtania kwamba Mchaga ameshindwa, naye aliyajua masharti yote, akanyamaza. Walipata Jumamosi sita.

Marehemu alifariki tarehe 17 Januari 2025 katika hospitali moja hapa Houston, akiwa na umri wa miaka 83, na maneno aliyoagiza ni haya: "Mimi Elkana nilipaswa kusema, huyu ni mtani wangu, mwacheni. Nilijua, na sikusema. Elibariki hakushindwa, tulirudi nyuma wote wawili."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Missouri City, walimu wenzake waliotupigia simu kutoka nyumbani, wafanyakazi wenzake na Jessica waliomshikia zamu, na Mchungaji wetu.

Pia tunaushukuru uongozi wa makaburi haya, ambao safari hii tumeueleza mapema, na walinzi wanafahamu kwamba baada ya maneno haya kuna mzee atalala mbele ya jeneza, na asiguswe.

Mzee Swai, kanga ya Mama anayo Jessica, njia ni yako, izuie mpaka uridhike.

Baba, ya Uturuki yameondolewa leo, mbele ya watu wote. Sasa pumzika kwa amani.