Hotuba ya Kuagwa kwa Mtu wa Tovuti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo cha Uuguzi Milima Miwili, Mkuu wetu wa Chuo Bi Josepha, waheshimiwa wajumbe wa bodi, Padri wetu na Shehe wetu, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kibondo, Buhigwe na hapa hapa Kasulu: nawasalimu wote kwa heshima zenu na kwa mpangilio wenu, maana najua nikimruka mmoja nitaandikiwa barua nyingine.

Kadi za mwaliko zinasema tumekuja kumuaga Ndugu Rashid, Afisa TEHAMA, aliyeomba kurudi kwao Korogwe. Sikuomba. Mkataba wangu umekatwa Jumanne kwa sababu nilibandika karatasi kwenye ukuta wa stendi. Pilau ni nzuri, nashukuru, lakini tusidanganyane mbele ya pilau.

Miaka sita iliyopita mlinipa kazi moja: nitazame ni watu wangapi wanaingia kwenye tovuti ya chuo. Nikatazama. Wakiingia mia, themanini na mmoja walikuwa wanatoka kabla ya sekunde kumi. Nikaleta taarifa kwenye kikao. Mnakumbuka majibu? Mjumbe mmoja alisema wananchi wetu hawana utamaduni wa kusoma. Mwingine, namheshimu sana, akasema wanatoka haraka kwa sababu wameridhika. Kisha mkaazimia, na kumbukumbu zipo, kwamba juu kabisa yapite maandishi mekundu yanayosema KARIBU SANA, USIONDOKE, na kwaya ya chuo ianze kuimba yenyewe mtu akifungua. Wakaanza kutoka kabla ya sekunde sita.

Tatizo lenu, ndugu zangu, ni kwamba mliijenga tovuti kama mnavyoandaa sherehe. Mgeni akiingia anampokea Mwenyekiti, picha nzima na suti yake. Akishuka anakutana na Makamu. Akishuka tena yupo Mlezi wa Chuo, kisha Mkuu wa Chuo anakata utepe, kisha wajumbe mmoja mmoja na salamu zao. Fomu ya kujiunga iko chini ya watu kumi na wanne. Nilipoomba picha zipunguzwe, niliulizwa kwa ukali: "Unataka tumtoe Mlezi? Anza wewe kumwambia!" Tangu siku hiyo kila kiongozi mpya aliongezwa, na hakuna aliyewahi kutolewa, hata marehemu.

Ninyi hamkuliona hilo kwa sababu mnaifungulia ofisini, kwenye intaneti ya chuo, kwenye kompyuta ambazo zimeshaikariri. Kwenu inafunguka mara moja. Mliwahi kujiuliza inavyofunguka Mabamba?

Mimi niliuliza. Mwaka jana alikuja hapa getini binti anaitwa Vestina Ndayikeza. Wazazi wake ni wakimbizi wa zamani kutoka Burundi, leo ni raia, wanalima maharage Mabamba, kule Kibondo mpakani. Alikuwa amechaguliwa kusoma uuguzi, ila alitakiwa athibitishe nafasi yake kwenye tovuti ndani ya siku saba. Alifika siku ya tisa, kwa basi hadi mjini na kwa miguu hadi hapa, na nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Nikamkalisha kwenye benchi nikamwomba anionyeshe kwenye simu yake alichokiona siku ile. Tukasubiri. Ikatokea nusu ya uso wa Mwenyekiti.

"Ego, ndiyo, ni hapa hapa," akaniambia. "Nilipanda kilimani kwa mwalimu, ndiko mtandao unashika. Niliona wazee tu, kaka. Nikajua ni mambo ya kura, nikatoka. Nikarudi tena, bando likaisha kabla wazee hawajaisha."

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Kwenye taarifa yangu yule binti alikuwa tarakimu: mgeni, sekunde tisa, ameondoka. Niliona aibu, na bado ninayo. Nikamwambia aombe upya, nikamwahidi kwamba mwaka huu mambo yatakuwa yamerekebishwa. Nikaandika barua nne. Bi Josepha, zote unazo.

Jumatatu ya wiki iliyopita orodha ya mwaka huu ikawekwa. Sitini wamechaguliwa, na safari hii walipewa siku kumi za kazi kuthibitisha. Hadi Ijumaa walikuwa wamethibitisha kumi na wanane. Ndipo nikaichapa orodha kwenye karatasi, nikaibandika stendi ya Kasulu, na nyingine nikampa kondakta apeleke Kibondo. Nikaandika chini: asiyeweza tovuti apige namba hii, nitamthibitishia mwenyewe. Kwa siku tatu simu yangu haikupoa. Wakafika hamsini na mmoja. Siku ya nne karatasi zikabanduliwa kwa amri, nami nikaandikiwa kwamba nimeidhalilisha tovuti ya chuo. Ipi imeidhalilisha zaidi tovuti, ile karatasi au ile kwaya?

Sasa nawaomba jambo dogo. Toeni simu zenu. Zimeni intaneti ya chuo, tumieni bando lenu, mtafute orodha ya waliochaguliwa. Nasubiri. Mheshimiwa Mwenyekiti, na wewe tafadhali.

Naona Mwenyekiti ameshaiweka simu mezani. Padri naye. Bi Josepha bado anajitahidi, na kwaya nimeisikia. Haijafika hata dakika moja, waheshimiwa, na ninyi mmekaa kwenye viti vya mito, hamkupanda kilima.

Ndugu wageni waalikwa, siwalaumu ninyi. Ila bado watu tisa hawajathibitisha, na mwisho wa kuthibitisha ni leo saa kumi jioni. Sasa hivi ni saa tisa na robo. Namba zao za simu ziko kwenye mafaili ya udahili, na ufunguo wangu ulichukuliwa Jumanne. Mmoja tu ndiye ninayejua namba yake, nimempigia tangu asubuhi, hapatikani. Ni wa thelathini na nne kwenye orodha: Vestina Ndayikeza, wa Mabamba. Amechaguliwa tena, na sina hakika kama anajua. Nilimwambia aiamini tovuti.

Miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwazuia wageni wasiondoke haraka. Leo nina haja na mgeni atakayeondoka haraka. Kama humu ukumbini yupo mwenye ndugu Mabamba, au anayemfahamu yule mwalimu wa kilimani, asingoje nimalize, wala asiogope itifaki. Atoke sasa hivi, apige simu.

Wengine mliobaki, nawashukuru kwa masikio yenu. Mama wa kitenge cha kijani uliyesimama, mlango uko wazi, kimbia.