Tunutu Hawalii

Ninyanyueni kichwa, wanangu, mto huu umeshuka, halafu kaeni wote wawili mahali ninapowaona, na wewe mkubwa uache kusimama mlangoni kama mgeni anayeaga, maana anayeaga hapa ni mimi na pumzi iliyobaki ni ndogo.

Tangu mvua ianze nimewauliza kila asubuhi neno moja tu, tunutu wametoka? Mkanijibu wametoka, mama, tele, tunawasikia wakilia nyasini. Jana wewe binti yangu, kitinda mimba, ukaniletea chupa hii, ukaiweka dirishani pamoja na dawa zangu, ukasema mama jionee mwenyewe. Nimejionea. Humu mna panzi mzima, mabawa yake yamepita mkia. Mwanangu, umekulia nyasi hizi hizi. Mvua ndio kwanza zimeanza. Wakati huu panzi wetu wanakuwa tunutu, vitoto visivyo na mabawa, ukimweka kiganjani utadhani ni punje ya mchele, na tunutu hawalii. Wanaolia ni wakubwa, mvua zikielekea kwisha, nyasi zikikufika kiunoni na kila unapokanyaga wanakurukia usoni. Huyu mmemtoa bustanini kwa mtu, kunakomwagiliwa maji mwaka mzima. Mlitaka kunipoza moyo, najua, ila mmenipa jibu mlilokuwa mnanificha. Nyasi zetu ni tupu.

Na wewe mkubwa, dereva wa trekta, usiangalie chini. Kiangazi kilichopita ulilima ule mteremko wa udongo mgumu, nikakukataza, ukanicheka mbele ya mkeo, ukasema mama, pale hakuna hata panzi mmoja, unamlindia nani? Kweli hakuwepo hata mmoja. Kiangazi huwa wamekufa wote. Wanachoacha ni mayai, na majike huyafukia pale pale, kwenye udongo mgumu ulio wazi, yanakaa humo yakingoja maji. Wewe ukayafukua, jua likayakausha. Baba yenu na mimi tuliishi na mteremko ule bila kuutia jembe, watu wakatusema kwamba tunailaza ardhi bure, na hatukuwajali. Labda kando ya uzio wamebaki wawili watatu, lakini mpaka wajae tena uwanda mzima, mimi sitakuwepo, na nyinyi subira hiyo hamna.

Nyinyi mmesomeshwa na kanga hawa wa uani. Kila mvua niliwatoa vifaranga asubuhi na kuku aliyewaatamia, wakala tunutu laini mpaka shingo zikavimba, wakakua bila mimi kununua chakula, nikawauza nikawalipia ada. Mwaka huu wanazunguka uani wanadonoa mchanga. Mlidhani kwa kuwa sitoki kitandani sijui, kumbe nasikiliza, na kila kukicha sauti zimepungua. Nimechoka, wanangu. Uhai wote ule nilikuwa naukanyaga kila siku, na leo naondoka juu ya udongo uliokufa, na sina la kuwapa linalofanana na nililopewa.

Nyumba ni ya kitinda mimba. Kanga waliobaki wapelekeni kwa shangazi yenu, kwake nyasi bado zina kitu. Msiwafungie hapa wafe njaa. Mteremko nakuachia wewe mkubwa. Usinishukuru. Umeuua mwenyewe, basi kaa nao, usiulime tena, na kila mvua ikianza uende ukainame uangalie, hata kama huoni kitu. Kukulazimisha siwezi. Mimi nizikeni huku nyuma ya banda. Hata kaburi langu msilichimbe kule kwenye udongo mgumu.

Sogea nikushike kichwa. Sikulaani. Una jasho... tangu utotoni, ukikosea, jasho. Mungu awape watoto wa kuwadanganya kwa mapenzi, kama mlivyonidanganya. Awape na mvua. Maji... kidogo tu. Basi.

Leteni hiyo chupa. Mfungulieni, mumwache humu chumbani. Si wetu, lakini ni mkubwa, huyu anaweza kulia. Nyamazeni kwanza.

Analia? Mbona simsikii... Kitinda mimba, analia? Niambie analia, mama. Niambie tu.