Maharagwe ya Waceke

Kwenye benchi la mtaa wa Kondele, mwaka ule wa themanini na saba, kahawa ilinywewa moto, nao majirani wakasengenywa wakiwa wazima. Kando ya benchi Mama Rahab alikuwa na kibanda cha kuazimisha vitabu. Ukirudisha kitabu, unatia punje katika mkebe wa mwandishi: haragwe kama kimekunogea, hindi kama kimekuchosha. Mkebe wa Waceke, msichana mpiga taipu, ulijaa maharagwe hadi shingoni. Wa Mwalimu Joram, ambaye benchi lilimwita Kalamu, ulikuwa na punje sita, nne zikiwa za mahindi. Na kitabu chake alikiandika miaka tisa! Wivu ulimla.

—Hiyo kura si ya haki, alisema Joram. Nani anarudisha kitabu na roho safi? Ni yule amependa. Yule kimemshinda anawashia nayo jiko.

—Kwa hivyo hata hao wasomaji wako sita walipenda? aliuliza Ouma, fundi wa redio, naye aliitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

—Yangu ni tofauti! Wenye walipenda wamekataa kurudisha. Wamelalia chini ya mto.

—Yawa! Lakini kopi zote ziko hapo kwa rafu, Mwalimu.

Hiram muuza mitumba, maarufu kama Bei ya Jioni, akasogea.

—Huyo msichana anapigia nusu ya Kondele barua za kazi. Utamtilia mahindi na kesho unataka barua? Mkono mtupu haulambwi.

—Na wale anaimba nao kwaya je? Ouma akadakia. Mmoja akitia haragwe, wote wanafuata. Tena ukikuta mkebe ni maharagwe tupu, mkono unaogopa kutia hindi.

—Mkebe wa ukweli unafaa kuwa kama sufuria ya nyoyo, alisema Joram. Mahindi na maharagwe pamoja! Huyu anabeba maharagwe kutoka kwao. Haba na haba hujaza kibaba.

—Mimi nilisikia gunia la maharagwe limeshuka kutoka Port Victoria, Hiram akanong'ona.

—Port Victoria ni samaki, bwana, Ouma akamkatiza.

—Ndio ujue ni njama! Wavuvi na maharagwe, wapi na wapi?

—Ama yamezaana, alisema Ouma. Mkebe ulinyeshewa wiki jana. Samaki mkunje angali mbichi.

—Hiyo methali inaingia wapi? Hiram akauliza.

—Inaingia tu.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Joram hakucheka. Kitabu cha Waceke alikuwa amekisoma mara mbili, na mara ya pili alilia kabisa, pale mama anapouza kitanda chake ili binti arudi shule. Alimwonea wivu kwa kila ukurasa.

Ndipo Waceke mwenyewe akafika, kitu kidogo kiganjani.

—Habari zenu, wazee. Nimemwaga mkebe wangu kwa sinia, nikapata hindi moja tu. Hao wengine wote wanasema kitabu ni tamu, basi. Sasa naandika ya pili. Nani alitia hili hindi, aniambie nilikosea wapi?

Ouma akamtazama Hiram. Hiram akatazama viatu vyake. Hawakujua.

Joram alijua: lilitoka kwenye mkono wake mwenyewe. Alitafuta kosa la kumpa, hata dogo, akalikosa.

—Mwalimu, alisema Waceke kwa heshima, ni wewe ulinifundisha insha darasa la saba. Wewe unaonaje?

Joram akainua kikombe akanywa. Kahawa ilikuwa imekwisha kitambo, lakini aliendelea kunywa.