Viatu vya Mlinzi wa Lango la Saba

Benchi la kijiwe kile liliegemea ukuta kati ya duka la kurudufu karatasi na saluni ya kinyozi, na mwisho wake, upande wenye kivuli, fundi viatu aliyeitwa Gundi aliweka kasha lake la kazi. Saa nane mchana, kazi ikilegea, wenyewe walijikusanya: Kopi, mwenye mashine ya kurudufu; Wembe, kinyozi, mtu wa mafuta ya kunukia na shati lisilofungwa kifungo cha juu; na Mzee Faili, karani mstaafu wa masjala, aliyekuja na themosi ya kahawa na methali, kahawa ikiwa ya moto na methali zimepoa. Siasa hawakuitaka, mpira waliuacha kwa wenye mapafu. Wao walikuwa na tamthilia moja, Ufalme wa Milango Saba, yenye joka linalokula majina ya watu na malkia asiye na kivuli, na swali moja lililowatoa povu mwezi mzima: usiku taji lilipoibwa, nani alifungua lango la saba? Wembe ndiye aliyewagawia wote tamthilia hiyo kwenye flashi. Sheria ya kijiwe ilikuwa sehemu moja kila Jumapili, kila mtu nyumbani kwake, na marufuku kutangulia. Walikuwa wamefika ya sita.

Alhamisi ile Gundi hakuwa na hamu ya kahawa. Moyo ulikuwa umemvimba kama ngozi iliyolala kwenye maji.

Sababu ilikuwa hii. Asubuhi mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule pale nyumbani, alikata uzi kwa meno, akaguna, akasema kama anayejisemea: "Maskini yule mzee wa lango, na viatu vyake vikabaki palepale mlangoni." Gundi alikuwa anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Akabaki ameshika kamba. Mlinzi wa lango la saba alikuwa hai mpaka sehemu ya sita. Viatu kubaki mlangoni? Fundi viatu mzima, viatu vibaki mlangoni asivione? Basi hiyo ilikuwa sehemu ya saba, na ya saba hawakuwa wameitazama. Na flashi ilikuwa wapi tangu Jumatatu asubuhi? Ndani ya kopo la misumari, ndani ya kasha la kazi, ambalo Gundi alilibeba kwenda na kurudi, maana alikuwa anajua tamaa ilivyo. Kwa hiyo mkewe aliitazama kwingine. Na kwingine kuna mwenye nako.

Jana yake, siku Gundi aliyoshinda sokoni akitafuta ngozi, mkewe alikuwa amekwenda kupeleka sare, akachelewa. Njia ya kupelekea sare inapita mbele ya saluni ya Wembe, na saluni ya Wembe ina televisheni, feni na kochi la wateja.

Gundi hakumuuliza mkewe neno. Alikuja kijiweni kutega.

Siku hiyo kijiwe kilikuwa na mgeni. Mama mmoja msoma mita za maji, mwenye daftari kwapani, alikuwa ameachwa na soli ya kiatu njiani, akakaa mwisho wa benchi mguu mmoja ndani ya kandambili ya kuazima, akisubiri kiatu chake kishonwe. Alikuwa kimya. Watu wanaosoma mita huzoea kuzungumza na mbwa tu.

Kopi alianza, kama kawaida yake, na karatasi mkononi.

— Jamani, nimechora. Ukoo mzima wa kifalme, kurasa mbili. Malkia wako wawili.

— Wawili tangu lini? akauliza Wembe.

— Tangu mwanzo. Mmoja ni halisi, mmoja ni nakala. Ndiyo maana hana kivuli. Kivuli kimebaki kwa yule halisi. Hiyo kazi naifanya kila siku, karatasi ya pili haitoki na wino wote. Nakala ndiyo iliyofungua lango.

— Na halisi yuko wapi?

— Amebaki ndani ya mashine.

Mzee Faili alimimina kahawa taratibu, akapuliza.

— Mnakimbilia mbali, wanangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa niambieni, lango linaelea?

— Halielei, Mzee.

— Basi halijaundwa. Maana yake halijawahi kufungwa. Amri ya kulifunga iliandikwa, ikapelekwa kusainiwa, ikapotea kwenye meza ya mtu. Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na moja. Falme zinaanguka hivyo hivyo.

— Hamna lolote, akasema Wembe, akinyoosha miguu mpaka ikafika kivulini kwa Gundi. Tazameni nywele. Mwana wa mfalme njia ya nywele zake iko kushoto. Usiku wa wizi iko kulia. Nywele hazisemi uongo. Yule alikuwa mtu mwingine amevaa sura yake. Joka limekula jina lake, likampa mwingine. Ee Gundi, au unasemaje? Shemeji hajambo lakini?

Neno shemeji lile Gundi alilisikia mara mia kwa mwaka na halikuwa limewahi kumchoma. Leo liliingia kama sindano ya kushonea soli, ile nene.

— Hajambo. Kwa nini unamuuliza?

— Salamu tu, kaka.

— Salamu zinatosha ukinisalimia mimi.

Kopi akacheka, akaona kuwa anacheka peke yake, akarudi kwenye karatasi. Gundi akavuta uzi, akaupitisha kwenye soli ya yule mama, akatupa mtego wake kwa sauti ya mtu asiyejali.

— Mimi nasema jibu liko kwenye viatu. Mlinzi wa lango anachechemea. Anayechechemea mguu wa kushoto anamaliza kisigino cha kulia, hilo halina ubishi. Tukijua viatu vyake vimelika wapi, tunajua alisimama wapi usiku ule. Haya, Kopi. Mlinzi anavaa viatu gani?

— Viatu vya kamba, nadhani. Vyeusi. Nilivichora hapa.

— Mzee?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa huyu guu limevunjika, basi viatu vya nini?

— Wembe?

Wembe alikuwa anajitazama kwenye kioo cha simu yake. Akajibu bila kuinua macho.

— Mlinzi hana viatu. Yuko peku.

Nyundo ya Gundi ilisimama hewani. Kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya sita mlinzi yule alivaa viatu, tena vizuri, vya ngozi ya kugeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje, Gundi alishavisifu mbele ya kijiwe kizima. Anayemjua akiwa peku ni yule aliyeona viatu vikibaki mlangoni.

— Umeiona ya saba, akasema Gundi.

— Nani, mimi?

— Wewe. Mwenye sheria ndiye mvunja sheria. Umeiona ya saba, na hukuiona peke yako.

— Kaka, nimeiona vipandevipande tu, saluni, namnyoa mtu ndevu. Utaniambia nimfunge mteja macho?

— Mteja nani?

— Wateja. Wanaingia, wanatoka.

— Wanaume?

— Saluni ya kiume, Gundi. Unataka waingie nani?

— Jana saa tisa aliingia nani?

Hapo hata Mzee Faili aliacha kupuliza. Kopi alikunja ukoo wa kifalme mara mbili, akautia mfukoni. Wembe akaiweka simu chini polepole, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaonekana kama mtu anayefikiri kabla ya kusema.

— Gundi. Unaniuliza habari ya tamthilia, au unaniuliza jambo jingine?

Gundi hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, na mtego ulikuwa umeshamchosha. Akaweka nyundo.

— Mke wangu ameniambia viatu vya mlinzi vilibaki mlangoni. Flashi yangu hii hapa, nalala nayo, naamka nayo. Ya saba ameitazama wapi? Njia yake inapita kwako. Kochi liko kwako. Feni iko kwako. Na wewe unanukia hivyo kwa ajili ya nani, ya wenye ndevu?

— Lahaula, akasema Kopi.

— Uliza vizuri, akasema Wembe, naye sauti imeshuka. Shemeji jana alipita, kweli. Alisimama mlangoni, akaniuliza kama mama yangu, mshonaji mwenzake, amebakiza sindano ya cherehani, nikamwambia hana, akaenda. Televisheni ilikuwa imezimwa, umeme ulikatika tangu saa saba. Muulize Kopi kama alitoa hata karatasi moja.

— Umeme ulikatika, akasema Kopi. Mpaka jioni.

— Siku nyingine je?

— Siku nyingine zipi? Na sikiliza, hiyo ya saba mimi mwenyewe siielewi. Naitazama kwenye kioo. Televisheni iko nyuma yangu, kioo kiko mbele yangu, kichwa cha mtu katikati. Naona nusu.

Mama wa mita aliinua uso.

— Unaitazama kwenye kioo?

— Ndiyo, mama.

— Na nywele za mwana wa mfalme ulizionea wapi kulia?

Wembe akageukia kioo cha saluni yake. Akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akanyoosha kidole akakipeleka upande wa pili. Kopi ndiye aliyeanza kucheka, Mzee Faili akafuata mpaka kahawa ikamwagikia suruali, na wiki tatu za nadharia ya nywele zikafia pale. Gundi hakucheka. Mtu mwenye wivu hacheki nusu njia.

— Hilo halinijibu mimi, akasema.

Mama yule akamgeukia. Alikuwa na sauti ya kazini, ya mtu aliyezoea kuuliza mlangoni na kuandika anachojibiwa.

— Fundi, ya sita iliishaje?

— Ya sita? Malkia anapanda ngazi na taa. Muziki ule wa polepole.

— Halafu?

— Halafu nini?

— Alipofika juu.

Gundi akatazama soli iliyokuwa mkononi kana kwamba jibu limeandikwa humo. Aliziona ngazi. Aliiona taa. Aliona kochi lao, mto wa maua, bega la mkewe. Baada ya bega kulikuwa na Jumatatu asubuhi, flashi iko mezani, naye anaitia kwenye kopo la misumari.

— Alipofika juu, akasema, ikaisha.

— Ngazi zile ziko katikati ya sehemu, fundi. Nimeitazama yote, sehemu kumi. Televisheni alizima nani siku hiyo?

Yule mama akawageukia wengine, kwa haki tu.

— Nyinyi je? Alipofika juu alikuta nini?

Kopi akatoa ukoo wa kifalme mfukoni, akaukunjua, akaupekua, akasema muziki ule una usingizi sana. Mzee Faili akasema haba na haba hujaza kibaba, na alipoona hakuna anayemwelewa, akakiri kwamba tangu astaafu hajafika mwisho wa ngazi yoyote. Wembe akasema mteja wake aligeuza shingo. Wanaume wanne, mwezi mzima wanabishana juu ya lango la saba, na hapana hata mmoja aliyemwona malkia akifika juu.

Gundi alitoa simu. Kama angekuwa mtu wa siri angeondoka nayo, lakini alikuwa amemshtaki mtu hadharani, na hadharani ndipo alipotaka kuyamaliza. Simu yake ilikuwa kuukuu, inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Kijiwe kizima kilisikia cherehani ikienda, kisha ikisimama.

— Baba, kuna nini? Umejikata?

— Sijajikata. Jumapili, kwenye ya sita. Nililala?

Kicheko, si kikubwa.

— Ulilala kwenye ngazi. Nikakuamsha mara mbili. Ya pili ukasema, naona, naona, usinitingishe. Macho umefumba. Ikaisha, ikajianzia yenyewe ya saba, na kichwa chako kiko begani kwangu. Ningefanyaje, nikuangushe nikazime?

Kwa hiyo mtu aliyekaa na mkewe kwenye kochi mlinzi wa lango akifa, alikuwa yeye. Na hakuona kitu.

— Mbona hukuniambia?

— Nimekuambia leo asubuhi. Ukabeba kasha ukaondoka, hata chai hukunywa.

Wembe alikuwa na haki ya kusema lolote pale, na Gundi alimtazama akilingoja. Lakini Wembe alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, akanong'ona:

— Muulize alipofika juu alikuta nini.

— Na viatu, akanong'ona Kopi. Muulize vilibakije.

— Wembe, akasema Gundi, amefunika simu kwa kiganja. Nimekukosea. Nimesema mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu.

— Yameisha, kaka. Muulize.

Gundi akafunua simu.

— Mama watoto, hebu nieleze. Malkia alipofika juu alikuta nini?

— Kwa simu?

— Kwa simu.

— Haya. Alifika juu, taa ikazimika. Akasikia mtu anavuta pumzi...

Gundi aliinua macho akaona nyuso tatu zimekaribia sikio lake kiasi cha kuhesabu ndevu, Wembe akiwa mbele ya wote, mafuta yake yananukia mpaka kwenye simu. Sauti ile ilikuwa ya mkewe. Hadithi ile walikuwa waione wawili kwenye kochi lao, na nusu yake alishaipoteza kwa usingizi. Akasema, "Ngoja kidogo, mama watoto," akasimama, akavuka barabara, akaendelea mpaka upande wa pili, akawageuzia mgongo, mkono mmoja umeziba mdomo wa simu pande zote kama anayekinga kiberiti na upepo.

Kijiwe kilimtazama mgongo. Waliona mabega yakishtuka, wakajua mlinzi anakufa.

— Huyu mtu ana choyo, akasema Kopi.

Mzee Faili alikuwa wa kwanza kukumbuka aliyekuwa mwisho wa benchi. Akajisogeza, akamimina kahawa iliyobaki, akamsogezea kwa mikono miwili.

— Mama, wewe umesema umeitazama yote, sehemu kumi.

— Nimeitazama.

— Basi tuambie basi, alikuta nini?

Mama wa mita akanywa, akatazama kiatu chake juu ya kasha, sindano imechomekwa, uzi unaning'inia, soli nusu imeshikwa nusu iko wazi. Akamtazama Gundi ng'ambo ya barabara, ambaye sasa alikuwa amechuchumaa kabisa.

— Nina mitaa mitatu bado sijaisoma, akasema. Kiatu kikiisha, nitasema.

Wakatazamana. Kisha Wembe akavuta kasha, akaokota sindano, Kopi akashika soli kwa mikono yote miwili, na Mzee Faili akavaa miwani kuwaonyesha tundu.