Pete ya Zohali Haijakauka

Mbele yangu basini, baba mmoja fundi viatu alikuwa amepakata Jua la mpira na sayari za karatasi zilizoning'inia kwenye waya. "Dada, kiwiko! Pete ya Zohali haijakauka."

Mwanamke wa pembeni yake akauliza, "Ametengeneza mwanao?"

"Yule? Angeharibu! Nilimlaza mapema nifanye kazi kwa utulivu." Alijivuna utadhani hata zile za angani ni zake. "Mwaka jana, ya dada yake, nilipata sita kwa kumi. Mwalimu wao ana chuki na mimi, na wala hanijui."

"Sina chuki," mwanamke akasema, akifunga mkoba. "Harufu ya gundi hii ya viatu naikumbuka. Mwezi wako ulikuwa mkubwa kuliko Dunia."

Basi likasimama mbele ya shule. Baba hakushuka. Alikuwa amelikumbatia Jua.