Banjo Huomba Sauti kwa Fidla

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, na wewe Delphia futa kamasi, sijafa bado. Na hata nikifa, katika milima yetu hii, toka Mto Powell hadi mji wa Bristol, hakujazaliwa mkono wa kuushinda huu kwenye banjo, na mwenye ubishi aje leo, maana kesho hanipati.

Shamba gawaneni pale kwenye kijito, nguruwe ni wa mdogo wako Virgil kwa kuwa wanafanana. Neno langu ni banjo. Hamsemezani kwa ajili ya gitaa la umeme la Virgil: Delphia unasema mdogo wako ameuza muziki wa milimani kwenye vilabu vya pombe, naye anasema fidla yako inanuka ukungu. Wajinga wawili wa tumbo moja!

Sikilizeni. Fidla ilivuka bahari na babu zetu kutoka Uskoti. Banjo ilivuka na watu weusi waliofungwa minyororo, kibuyu na ngozi tu. Mimi nilifundishwa na Lum Pettway, mtu mweusi aliyekuja kutandika reli, na baba yangu alinuna wee, mpaka tukamwona anatikisa mguu chini ya meza. Gitaa lilipoletwa na posta, wazee walilia kwamba muziki umekufa. Redio ikaja, wakalia tena. Muziki huu huzikwa kila mara, na kila mara hula chakula cha matanga yake mwenyewe.

Fidla anayo Delphia. Banjo namwachia Virgil. Usininunie, binti: kila mkibadili wimbo, mwenye banjo humwomba mwenye fidla sauti ya kulinganisha, ndipo akaze nyuzi. Atakuomba maisha yake yote. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi jembe limenichosha, nataka kapu.

Msinizike kimya. Mchungaji aseme kidogo, halafu mpige, watu wacheze mpaka mbao za baraza zilie.

Haya, Virgil, mwombe. Hapa hapa, nisikie... Kwa sauti! Si huko vilabuni unabweka? Ehe... “Dada, nipe sauti.” Umemsikia, Delphia? Basi mpe... Uzi wa tatu, juu kidogo... Hapo.

Mungu awape... mikono yangu, na masikio ya Lum. Nimewabariki... wote wawili, sawasawa... Mbona mnapiga polepole? Kazeni! Anayekufa ni mimi... si wimbo.