Luming na Meza ya Kujikung'utia

Iluminada Bacalso amefariki, na mtaa aliokuwa akiulisha ndio uliomchosha mpaka akaanguka. Nalisema neno hili hivyo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Sina namna ya kulipamba.

Tulimwita Aling Luming, yaani Mama Luming. Aling Luming wa mgahawa na duka, hapa mtaani kwetu San Tarcisio, mkabala na nyumba ya kuagia maiti. Mlango mmoja ni duka: mchele, samaki wakavu, sabuni, vitunguu. Mlango wa pili ni mgahawa: sufuria zimepangwa, unafunua kifuniko, unachungulia, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Ukilalamika nyama chache, anakujibu, "Zipo chini, zinakuonea haya." Mchuzi wa ukwaju ulikuwa bure. Ukiomba tena, unaongezwa.

Alitaka kitu kimoja tu. Binti yake Dalisay asiende ng'ambo kufulia watu nguo. Dada yake Luming alikwenda, akarudishwa kwenye jeneza. "Mama alisema mgahawa huu ndio pasipoti yangu," Dalisay aliniambia. "Pasipoti ya kubaki."

Sasa, sisi tukitoka msibani hatuendi nyumbani moja kwa moja. Unapita mahali kwanza, unakaa, unakula chochote, unajikung'uta, ili marehemu asikufuate mpaka mlangoni kwako. Mtaa mzima ulijikung'utia kwa Luming. Tumezika wazazi wetu, tukaenda kwa Luming. Alituwekea mchuzi bila kuuliza nani kafa.

Halafu mwenyekiti wetu wa mtaa, tunayemwita Kapteni Ponsing, akaharisha.

Alikuwa amekula chaza walioshinda juani kwenye ndoo, wameanza kutoa povu. Mkewe alimwambia wananuka. Akawala wote, akanywa na maji yao. Kesho yake akatoka chooni na kutangaza kwamba ni mchuzi wa Luming. Eti waombolezaji wanaacha wafu wao pale mezani, na wafu wanaingia kwenye sufuria. "Mnakunywa maji ya maiti nyie," alisema, na mate yanamtoka.

Na watu wakaamini, wasikilizaji wapendwa. Watu waliokulia kwenye mchuzi ule wakaanza kupita wameziba pua. Wengine walitema mate kizingitini. Waombolezaji wa mbali waliendelea kuja, lakini mgahawa hauendeshwi kwa misiba peke yake. Watu hawafi kila siku.

Luming hakugombana na mtu. Alibeba sufuria zake kwenda kuuza kwenye kituo cha mabasi, jua la mchana, na presha yake ya siku nyingi. Akaangukia huko. Dalisay anasema alianguka ameshika kifuniko. Mchuzi haukumwagika.

Jeneza likawekwa mgahawani, meza zikasogezwa. Na nani akaja? Wote. Wale wale wa kuziba pua. Walikula wali, walikula nguruwe wa siki, wakachokonoa meno mbele ya marehemu. Kapteni Ponsing aliliinamia jeneza na sahani yake mkononi, mafuta yakadondoka kwenye kioo cha jeneza, pale juu ya uso wa Luming. Akayafuta kwa kiganja. Kisha akalamba kiganja. Niliyaona kwa macho haya, na mpaka leo nyama ya siki hainipiti kooni.

Jioni wakaanza kuaga. Wakatoka barabarani, wakasimama. Walikuwa wanatoka msibani, na mahali pa kujikung'utia ni pale pale walipotoka. Kwingine kote kumefungwa. Hakuna aliyethubutu kutangulia kwenda kwake.

Kapteni akarudi kwa Dalisay, mpole kama kondoo.

"Mwanangu, tufungulie mlango wa dukani. Duka si matanga. Tukae kidogo tu, hata maji yanatosha."

Dalisay alikuwa anakusanya sahani. Hakuinua hata kichwa.

"Kapteni, nendeni nyumbani. Mama anajua njia."

Wakaenda. Wengine walizunguka soko mara kadhaa kwanza, kama kuku walionyeshewa.

Dalisay, pokea pole zetu, wewe na ukoo wote wa Bacalso. Na wewe unayenisikiliza, ukikaa mezani leo jiulize ni mlango wa nani uliwahi kuutemea mate, na ni mkono wa nani uliokulisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Mama mmoja, yuko ardhini. Mgahawa mmoja na duka moja, vimefungwa. Sufuria zimechukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na vifuniko vyake. Na binti mmoja, Jumatatu anapanda ndege kwenda Kuwait kufulia watu nguo.